Majina ya Dhahabu katika Nchi ya Shinyanga na Geita

Wazee wana methali isemayo, Mwamba ngoma huvutia kwake. Mtu awambaye ngozi juu ya mzinga huivuta upande wake, nayo ngozi hufuata mkono. Methali hii kwa kawaida husemwa juu ya tamaa ya mali, lakini yafaa vilevile kwa maneno. Katika kila shauri la watu wengi, kabla hoja haijasemwa, jambo lenyewe huwa limekwisha kupewa jina. Na yule aliyelipa jina amekwisha kuivuta ngozi upande wake. Wajao nyuma hudhani kwamba wanashindana juu ya jambo, kumbe wanashindana ndani ya jina lililotungwa na mwingine.

Kusudi la maandiko haya ni kuyafuata majina machache yaliyotumika katika mashauri ya dhahabu katika nchi ya Shinyanga na Geita, hasa tangu miaka ya 1990. Sikusudii kupima kama mkataba fulani ulikuwa mwema au mbaya. Hiyo ni kazi ya wanasheria na wenye hesabu. Nataka kuonyesha jambo moja tu, kwamba jina ndilo liamualo ni nani adaiwe ushahidi. Aitwaye mwenyeji haulizwi kwa nini yupo. Aitwaye mvamizi huulizwa kabla hajafungua kinywa. Wala mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya kamusi tu. Watu walipoteza mashimo yao, nyumba zao na riziki zao, na majina ndiyo yaliyotangulia kuifungua njia.

1. Mfano wa kale kidogo: sungusungu

Watu wa nchi hii hawakuingoja dhahabu ili wajifunze nguvu ya jina. Miaka ya 1981 na 1982, katika pande za Kahama, na baadaye katika Usukuma na Unyamwezi, wanavijiji waliochoka na wezi wa ng'ombe walijikusanya kwa pinde na mishale, wakawasaka wezi wenyewe. Waliitwa sungusungu, yaani wale wadudu weusi wa jamii ya chungu ambao huuma kwa umoja. Walijulikana pia kwa jina la Basalama, watu wa salama. Kwa maafisa kadha wa polisi na wa mahakama, hao walikuwa watu waliojichukulia sheria mikononi. Lakini viongozi wa Chama na Serikali waliwaita jeshi la jadi, na jina hilo likawafungulia mlango. Maana katika Tanzania ya wakati ule kitu cha jadi hakikuhesabiwa kuwa uasi, bali urithi. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa, nao wakapata kutambuliwa.

Watu ni walewale, na pinde ni zilezile. Kwa jina la kwanza ni wadudu wa kuogopwa, kwa la pili ni walinzi wa amani, kwa la tatu ni warithi wa mababu. Na jina jema halikukosa madhara yake. Miongoni mwa waliosakwa walikuwamo wanawake wazee waliosingiziwa uchawi. Kwao neno salama halikuwa na salama ndani yake. Lakini ni vigumu kumshitaki mtu ambaye jina lake tu ni amani. Somo hili na tulichukue, tuingie nalo katika machimbo.

2. Mdogo, haramu, mvamizi

Dhahabu ya Geita ilichimbwa na kampuni ya Wazungu tangu miaka ya 1930, hata mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Baadaye wenyeji na wageni kutoka mikoa mingi waliendelea kuchimba kwa mikono yao katika sehemu nyingi za nchi hii, na Bulyanhulu, katika wilaya ya Kahama ya wakati ule, ikawa mojawapo ya sehemu zilizokusanya watu wengi. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kuinunua dhahabu kwa wachimbaji bila kuwauliza sana imetoka wapi. Wakati ule jina lao lilikuwa fupi: wachimbaji. Kati yao wenyewe palikuwa na majina ya kazi yenye mpango. Shimo liliitwa duara, na kila duara lilikuwa na mwenyewe. Mgawo wa mawe kati ya mwenye duara na wanaochimba ulijulikana kabla mtu hajateremka chini. Watu wenye majina ya namna hii si kundi lisilo na taratibu.

Mwaka 1994 kampuni ya Kahama Mining Corporation, iliyokuwa mali ya Sutton Resources ya Kanada, ilipata leseni juu ya eneo la Bulyanhulu. Mwishoni mwa Julai 1996 Serikali iliwaamuru wachimbaji waondoke, na mwezi Agosti mashimo yakafukiwa. Katika majibizano yaliyofuata, jina lile fupi halikutosha tena. Likaongezwa sifa, na kila sifa ilikuwa hukumu.

Sifa ya kwanza ni mdogo. Kwa Kiingereza watu hawa mara nyingi huitwa kwa neno lenye asili ya ufundi wa mikono, ambalo hutumika pia juu ya seremala, mfinyanzi na mwoka mikate. Neno hilo lasifu ustadi. Kiswahili kikachagua kipimo. Lakini katika lugha yetu udogo si kipimo tu, ni cheo katika ukoo. Mdogo huamkia, mkubwa huitikia. Mdogo humpisha mkubwa aliyefika, huondoka kitini, hungoja kupewa. Basi mwenye kusema kwamba mchimbaji mdogo amempisha mkubwa asema jambo ambalo katika sikio la Mswahili halina ubaya wowote, ni adabu. Angesema kwamba mwenye duara ameondolewa kwenye duara lake, sikio lingeuliza, Kwa haki gani?

Sifa ya pili ni haramu. Sheria yajua mtu asiye na leseni. Neno haramu halikutoka katika leseni, lilitoka katika dini. Ni jina la nyama isiyolika na la mali isiyobarikiwa. Mtu akikosa karatasi, kosa lake laweza kuondolewa kwa karatasi. Lakini mtu akiitwa haramu, uovu huhama kutoka katika karatasi ukaingia katika mwili wake. Ndiyo maana husikiki mtu akisema dereva haramu juu ya mwenye gari aliyesahau leseni yake nyumbani. Neno hili hutunzwa kwa maskini: mchimbaji, mhamiaji, mwenye gongo.

Sifa ya tatu ni mvamizi. Kuvamia ni kuingia kwa ghafula mahali penye mwenyewe. Kwa hiyo neno hili lasimulia historia nzima kwa silabi nne: kwanza alikuwapo mwenyewe, kisha akaja mwingine. Huko Bulyanhulu mfuatano wa miaka ulikuwa kinyume. Wachimbaji walitangulia, leseni ikaja nyuma. Lakini tusiwadhulumu wenye leseni. Kwa sheria ya Tanzania madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya Jamhuri, wala kukaa juu yake hakumpi mtu haki ya kuyachimba. Kampuni ilikuwa na hoja, nayo ilikuwa hoja ya kisheria. Ninalosema ni kwamba neno mvamizi liliwaondolea watu kazi ya kuisema hoja hiyo. Hakuna aliyelazimika kueleza kwa nini karatasi ya mwaka 1994 yashinda mashimo yaliyotangulia. Jina lilikuwa limekwisha kuigeuza miaka.

3. Kufukia, na kuchochea

Katika jambo hilohilo la mwaka 1996 liko neno moja lililobeba pande zote mbili, nalo ni kufukia. Kwa Kiswahili twafukia shimo, twafukia na kilichomo ndani yake. Serikali na kampuni zilisema kwamba mashimo yalifukiwa yakiwa matupu. Wengine walisema kwamba watu walifukiwa, wakataja hesabu ya watu 52. Serikali na kampuni zilikanusha. Mwaka 2002 ofisi ya msuluhishi wa malalamiko iliyo katika jamii ya Benki ya Dunia ilitoa taarifa kwamba haikuona msingi wa tuhuma hizo. Nao wanasheria waliozileta wakaipinga taarifa hiyo. Kwa hiyo jambo hili limebaki katika kumbukumbu kama tuhuma iliyokanushwa, na yafaa mwalimu alitaje hivyo hivyo, asiongeze wala asipunguze.

Lakini latufaa kutazama jinsi waliolileta walivyoitwa. Walikuwa wanasheria wa chama cha utetezi wa mazingira kiitwacho LEAT, miongoni mwao Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu. Walishitakiwa kwa uchochezi. Neno hili limetoka jikoni. Mpishi huchochea moto kwa kusogeza kuni. Hauwashi, huukuta umekwisha kuwaka. Basi anayemwita mwenzake mchochezi amekubali bila kujua kwamba moto ulikuwapo. Tena amelibadili swali. Watu walikuwa wakiuliza, Ni nini kilichotokea mashimoni? Sasa wauliza, Nani amesogeza kuni? Swali la kwanza hujibiwa kwa majembe na mashahidi. La pili hujibiwa kwa pingu.

4. Majina ya wenzetu

Mambo haya si ya Tanzania peke yake. Huko Ghana wachimbaji wa namna hii huitwa galamsey, neno ambalo lilizaliwa katika maneno ya Kiingereza yenye maana ya kukusanya na kuuza. Katika Afrika Kusini huitwa zama zama, kwa Kizulu ni wenye kujaribu na kujaribu tena. Majina haya mawili yalitoka katika kazi yenyewe na katika subira ya watu; moja lasema watu hufanya nini, la pili lasema wana moyo gani. Siku hizi yote mawili husomwa magazetini kama majina ya jinai.

Mwisho wa njia hiyo ulionekana Stilfontein, katika Afrika Kusini. Mwezi Novemba 2024, wachimbaji wengi walipokuwa chini ya mgodi uliokwisha kuachwa, na chakula kikizuiwa kuteremshwa kwao, waziri mmoja alisema kwamba hawatapelekewa msaada bali watatolewa kwa moshi. Kwa moshi hutolewa nyuki mzingani na panya shimoni. Mwezi Januari 2025, baada ya amri ya mahakama, zoezi la uokozi lilitoa watu hai 246 na miili 78. Sisemi kwamba neno moshi liliwaua. Walikufa kwa njaa na kwa kukosa maji na dawa. Nasema kwamba watu walioitwa kwa lugha ya wadudu waliweza kuachwa muda mrefu kuliko watu wengine wangaliweza kuachwa.

5. Mwekezaji

Upande wa pili wa shauri nao ulipata jina, na jina hilo ni jema. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, mwenye mtaji kutoka ng'ambo aliitwa bepari na mnyonyaji, na aliyeishi kwa jasho la wengine aliitwa kupe. Miaka ya 1990 sera iligeuka. Sheria ya kulinda na kuendeleza uwekezaji ilitungwa mwaka 1990, nyingine ikafuata mwaka 1997, na sheria ya madini ya mwaka 1998 ikaruhusu kampuni ya kigeni kumiliki mgodi mzima na kuipeleka faida yake nje, huku mrabaha wa dhahabu ukiwa asilimia 3. Mtu yule aliyekuwa kupe akaitwa mwekezaji.

Neno hili latokana na kuweka. Mwekezaji ni mtu atiaye kitu mahali, akakiacha hapo kizae. Jina lamtazama siku anapofika na mkoba, halimtazami siku anapoondoka. Mkulima wa pamba wa Usukuma naye huweka mbegu, jembe na jasho la mwaka mzima, lakini haitwi mwekezaji, huitwa mkulima. Mwenye duara huweka magogo ya kuegemezea kuta za shimo, chakula cha wafanyakazi na mashine za maji, pengine kwa miezi mingi bila kuona chembe ya dhahabu. Lakini naye haitwi mwekezaji. Tukitaka kulitumia neno kwa maana yake, wote watatu ni wawekezaji. Tumelitumia kwa mmoja tu, na kwa hiyo yeye peke yake ndiye anayeonekana kuwa na kitu cha kupoteza.

Watu wa kawaida waliliona jambo hili mapema. Uuzaji wa mashirika ya umma ulipoitwa ubinafsishaji, wengi waliusikia ubinafsi ndani yake, wakacheka. Kicheko hicho kilikuwa hoja, ingawa hakikuandikwa katika kumbukumbu za Bunge.

6. Nani amesema uongo?

Mwezi Februari 2007 Waziri wa Nishati na Madini, Nazir Karamagi, alitia sahihi mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ulio karibu na Kahama, naye alikuwa London. Mwezi Agosti mbunge Zitto Kabwe alitaka Bunge liunde kamati ya kuuchunguza. Swali lake lilikuwa juu ya mkataba: kwa nini umetiwa sahihi kabla sheria haijatazamwa upya, tena ugenini? Lakini mjadala ulihama. Ukawa juu ya mbunge: je, amemsingizia Waziri uongo? Bunge likaona kwamba amemsingizia, likamsimamisha hata Januari 2008.

Hapa hatuoni jina lililopewa kitu, twaona jina lililopewa swali. Swali likiitwa uchunguzi wa mkataba, mkataba ndio uwekwao mezani. Likiitwa shauri la uongo, mwenye kuuliza ndiye awekwaye mezani, na mkataba warudi kabatini. Lakini safari hii watu wa nje ya Bunge hawakulikubali jina jipya. Walizungumza juu ya Buzwagi sokoni na katika mabasi. Mwezi Novemba mwaka huohuo Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani ili iitazame sekta ya madini, na miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo Zitto Kabwe mwenyewe. Sheria mpya ya mwaka 2010 iliupandisha mrabaha wa dhahabu ukawa asilimia 4. Twajifunza kwamba jina lililotolewa na wakubwa laweza kukataliwa, watu wakilishikilia swali lao la kwanza.

7. Magwangala

Geita wana neno ambalo sijalisikia likitumika hivyo mahali pengine: magwangala. Ni mawe yanayochimbwa pamoja na mbale na kutupwa na mgodi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2000, kwa kuwa dhahabu iliyomo ni chache mno kwa mitambo yake. Kwa kampuni ni taka, tena taka ambazo kwa sheria za usalama na mazingira yapasa zitunzwe mahali pake. Kwa kijana mwenye nyundo na karai ni mawe yenye dhahabu. Kitu ni kimoja, na kila upande ulikuwa na haki ya kukiita ulivyokiita, maana ukubwa wa mtambo ndio unaoamua kama jiwe ni taka au mali.

Lakini tazama jinsi jina lilivyofanya kazi. Mtu achukuaye taka za mwenzake haitwi mwizi. Kwa hiyo vijana waliposema, Tupeni magwangala, hawakudai mgodi wala hawakubishana juu ya leseni. Waliomba kile ambacho mwenyewe amekwisha kukiita hakina faida. Ilikuwa vigumu kuwajibu bila kukiri kwamba taka zina thamani. Mwaka 2016 Rais John Magufuli, mwenyeji wa Chato katika mkoa huohuo, alipozuru Geita aliagiza wapewe. Utekelezaji wake ulikuwa na matatizo mengi, lakini katika mashauri yote niliyoyataja hili ndilo ambalo watu wa chini walichagua neno wenyewe, wakubwa wakalazimika kulitumia.

8. Mchanga, makinikia, kishika uchumba

Twaja katika mwaka 2017. Migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, iliyokuwa mali ya Acacia, kampuni iliyomilikiwa kwa sehemu kubwa na Barrick ya Kanada, ilikuwa ikitoa mbale yenye dhahabu pamoja na shaba. Sehemu ya mbale hiyo ilisagwa, ikachekechwa kwa maji na dawa, ikabaki unga mzito wenye madini, nao ulipelekwa ng'ambo kuyeyushwa. Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia usafirishaji huo, na makontena 277 yakashikwa bandarini Dar es Salaam.

Unga huo uitweje? Watu wengi waliuita mchanga. Mchanga tunaujua sote. Hauna bei, watoto huuchezea. Basi aliyesikia kwamba mchanga wapakiwa melini kwa makontena hakuhitaji hoja ya pili. Hakuna mtu mwenye akili asafirishaye mchanga bahari nzima, kwa hiyo lazima pana hila. Wataalamu wakaleta neno makinikia. Kwa umbo lake lafanana na kitenzi cha kumakinikia jambo, yaani kulielekezea akili, na mtu aonaye neno la Kiingereza lenye maana zote mbili ataelewa njia lililopitia. Ni neno la haki zaidi, maana lasema kwamba madini yamekusanywa pamoja. Lakini lilikuja likiwa limechelewa, na wengi walilipokea kama jina la kitaalamu la mchanga uleule.

Tarehe 24 Mei 2017 kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilisema kwamba makontena yale yana dhahabu kiasi cha tani 7.8, hali kampuni ilikuwa imetaja kiasi cha tani moja na kidogo. Tarehe 12 Juni kamati ya Profesa Nehemiah Osoro ilitoa hesabu ya mapato yaliyopotea. Kampuni ilikana, ikasema kwamba kwa hesabu hizo migodi yake ingekuwa miongoni mwa mikubwa kabisa duniani. Lakini jina la jambo lilikuwa limekwisha kutolewa: wizi. Na shauri zima likaitwa vita ya uchumi. Katika vita hapana wenye kuuliza, pana askari na wasaliti. Tundu Lissu, yuleyule aliyeshitakiwa kwa uchochezi alipowasemea wachimbaji wa Bulyanhulu, alionya kwamba nchi iliyofungwa na mikataba yaweza kushitakiwa katika mabaraza ya kimataifa. Sasa palikuwapo waliomwita msaliti, kana kwamba awasemea wenye mgodi. Wageni waliitwa mabeberu. Beberu ni mbuzi dume. Ni jina la matusi la siku za kudai uhuru, nalo lilirudi likiwa na nguvu zake zote.

Mwezi Julai Bunge lilipitisha sheria tatu kwa haraka, mojawapo ikiruhusu kupitiwa upya kwa masharti hasi katika mikataba ya maliasili. Mrabaha ulifika asilimia 6, na Serikali ikajipa hisa zisizopungua asilimia 16. Mwezi huohuo kampuni ilidaiwa kodi, riba na faini, jumla dola bilioni 190 za Marekani. Tarehe 19 Oktoba 2017 wajumbe wa pande mbili walitangaza mapatano: faida zitagawanywa nusu kwa nusu, na Barrick italipa dola milioni 300 kwa kuonyesha nia njema. Fedha hizo zikaitwa kishika uchumba.

Wasomaji wa mambo ya mila na wasimame hapa kidogo. Kishika uchumba ni kitu kitolewacho na upande wa mume ili kuonyesha kwamba maneno yao ni ya kweli. Si mahari, wala si malipo ya deni, wala hakitolewi na mwizi. Katika muda wa miezi minne mtu yuleyule alitoka katika jina la mwizi akaingia katika jina la mchumba. Na kwa kuwa zawadi haipimwi kwa deni, watu wachache tu waliuliza kwa sauti kwamba milioni 300 si hata sehemu moja katika 600 ya bilioni 190. Mwenye kudai huhesabu. Mzazi wa binti hupokea na kushukuru. Neno wizi lilikuwa limepandisha hesabu juu mno kiasi kwamba hapakuwa na njia ya kuteremka kwa heshima, ndipo neno la uchumba likaletwa liwe ngazi.

Nisieleweke vibaya. Mapatano yenyewe yalizaa kitu. Mwaka 2019 Barrick iliinunua Acacia yote, na kampuni ya pamoja iitwayo Twiga, yenye hisa za Serikali za asilimia 16, ikaundwa. Hata jina hilo, la mnyama wa taifa, lina kazi yake: ni vigumu kumwita twiga beberu. Ninachosema ni kwamba katika hatua zote, mchanga, wizi, vita, uchumba, twiga, raia wa kawaida alipewa jina kwanza, na hesabu baadaye.

9. Kazi ya waalimu na makasisi

Twaweza kufanya nini? Hatuwezi kuwa na lugha isiyo na majina, wala majina yasiyo na upande. Lakini twaweza kuwafundisha watoto na waumini wetu waulize maswali matatu kila wanapokutana na jina katika shauri la watu wote. Nani amelitoa? Yule anayeitwa hivyo hujiitaje mwenyewe? Na jina hili latuondolea kuthibitisha nini?

Zoezi lifuatalo lafaa darasani. Wanafunzi wapewe habari ya Bulyanhulu ya mwaka 1996. Kundi moja waiandike kwa maneno ya mwenye duara, kundi la pili kwa maneno ya mwenye leseni. Kisha wote wakae pamoja, watafute sentensi ambayo pande mbili zaweza kuitia sahihi. Watachukua muda mrefu. Wataandika neno wavamizi, watalifuta. Wataandika wenyeji, watalifuta nalo. Mwishoni watapata sentensi kama hii: Mwezi Agosti 1996 watu waliokuwa wakichimba dhahabu Bulyanhulu, wasio na leseni ya eneo hilo, waliondolewa kwa amri ya Serikali, na mashimo waliyoyachimba yakafukiwa, ili kampuni yenye leseni ilitumie eneo. Si sentensi tamu, lakini baada yake ndipo maswali ya kweli yaanzapo: Je, walilipwa? Je, walisikilizwa? Nani alihakikisha kwamba mashimo ni matupu? Hakuna mojawapo ya maswali hayo liwezalo kuulizwa vema mahali palipokwisha kusemwa wavamizi.

Palipo na machimbo pana majina mengine mengi ambayo sikuyataja, ya mashimo, ya mgawo, ya wenye bahati na ya wasio nayo. Waalimu walio Kakola, Nyarugusu, Mgusu na kwingineko wayakusanye wangali wakiyasikia, wakiandika kando ya kila jina ni nani alitumiaye na juu ya nani. Kazi hiyo itawafaa watakaoamua mashauri yajayo, maana mashimo hayajaisha.